Bima ya juzi

Usicheke kwanza.

Shemeji yangu, yule mjuaji, si alisema wateja wa bima ya gari wamejaa gereji? Nikaenda na fomu zangu za kuuza bima.

Wamejaa kweli. Wote wameshagonga.

Mmoja taa za gari lake zimeingia mpaka kwenye injini, ananiambia, "Dada, niandikie bima ianze juzi."

Juzi. Mtu mzima, na tai kavaa.

Nikamsomesha mbele ya mafundi kwamba mtu mwenye akili hukata bima kabla ya ajali. Niliringa, usiniulize.

Fundi aliyeegemea gari langu akaniita taratibu, "Dada mwalimu, stika yako ya bima iliisha mwezi uliopita."

Mwezi uliopita.

Yule wa tai akanisogezea kalamu. "Basi andika mbili. Zote zianze juzi."