Watoto Waliojificha Katika Gari la Mashuka

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Bibi mzaa mama wa watoto wanaohusika, ajulikanaye kama Bibi Mwalimu.
Umri: Miaka sitini na tisa.
Kazi: Mwalimu mstaafu.
Makazi: Ghorofa ya pili, nyuma ya soko la mboga.

Mnamo tarehe 14 Agosti, mimi, binti yangu na wanawe wawili tulifika katika nyumba ya wageni iliyoko mlimani, juu ya msitu. Nyumba hiyo ni ya magogo. Haina umeme, maji ya kuoga huchemshwa kwa kuni, na vitanda vya watoto vimepandana kimoja juu ya kingine. Watoto walifurahi kupita kiasi. Mkubwa, msichana wa miaka sita tumwitaye Chiriku kwa sababu hafungi mdomo, aliamka kesho yake akakuta mawingu yako chini ya dirisha letu. Alinivuta mkono nikaone. Nilikwenda pekupeku, jambo ambalo si kawaida yangu.

Asubuhi hiyo ya tarehe 15, saa mbili na nusu, binti yangu akiwa anaoga, tulianza kucheza kujificha. Sheria za mchezo huu katika familia yetu niliziweka mimi, kwa kuwa watoto hawa walikuwa wakijificha kisha wanaita, "Tuko huku!" Sheria ni kwamba aliyejificha hatoki wala hasemi neno, aulizwe na yeyote, mpaka nitamke mbele yake kwamba mchezo umekwisha.

Nilifumba macho nikahesabu. Nilipofumbua, gari dogo lililokuja kuchukua mashuka ya kufua lilikuwa likiteremka. Sikulihusisha na watoto.

Nilitafuta chini ya vitanda, nyuma ya rundo la kuni na jikoni. Mwanzoni niliwasifu moyoni. Baadaye nilitangaza kwa sauti kwamba mchezo umekwisha, na hakuna aliyetoka. Binti yangu alitoka bafuni na povu kichwani, akauliza watoto wako wapi.

Msimamizi wa nyumba alipiga simu kituo cha polisi. Aliambiwa kwamba kwenye kizuizi cha barabarani askari walifunua turubai la gari la mashuka, wakakuta watoto wawili, na kwamba dereva amekamatwa kwa tuhuma za kuiba watoto. Mimi na binti yangu tulirukaruka tumekumbatiana mbele za wageni. Msimamizi alituleta hapa kwa gari lake.

Tuliingia kituoni saa nne na robo. Watoto walikuwa kwenye benchi, wazima, kila mmoja amejiziba mdomo kwa viganja. Dereva alikuwa ameketi sakafuni, amefungwa pingu. Askari wa zamu alinieleza kwamba amewauliza majina yao na nani aliwapakia garini, wasijibu.

Alisema, "Mama, hawa wametishwa. Mtoto hanyamazi hivi bure."

Dereva alisema, "Mama, hata sikuwaona. Mimi nina wangu watatu nyumbani."

Nilimtazama Chiriku. Macho yake yalikuwa yanacheka. Ndipo nilipoelewa. Nilisimama wima katikati ya chumba nikatamka, "Mchezo umekwisha."

Wote wawili walipanda juu ya benchi wakaanza kusema kwa pamoja. Chiriku alieleza kwamba walijichimbia wenyewe ndani ya mashuka, kwamba gari liliwarusharusha mpaka tumbo likatekenyeka, na kwamba askari alijaribu kuwalainisha kwa biskuti. Biskuti walikula. Mdogo wake wa miaka minne alimwambia askari, "Ulidhani tutasema?" Askari alikohoa. Dereva aliinamia pingu zake, mabega yakimtikisika. Sikujua kama analia au anacheka.

Ninathibitisha kwamba dereva hakuwachukua watoto hawa. Walipanda wenyewe, na walinyamaza kwa kutii sheria yangu, ambayo nimeirekebisha leo: askari akiuliza, mtoto ajibu. Ninaomba dereva afunguliwe pingu kwanza, ndipo nitie sahihi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, wala sina la kuongeza.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, askari wa zamu, nikamsomea shahidi, naye akayakubali. Pingu zilifunguliwa saa tano kasoro dakika kumi, ndipo shahidi akatia sahihi. Dereva ameombwa radhi na kuachiwa. Watoto wamekataa kurudi mlimani kwa gari la msimamizi. Wameondoka na bibi yao katika gari la mashuka, baada ya dereva kukagua mzigo wake wote, shuka moja moja.