Nguzo ya Kona

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila magoti, na hayo umeyazoea. Wewe je? Baridi ya huko haijakumaliza mwili?

Naandika kwa sababu simu imegeuka pambo, umeme hauna siku. Juzi ardhi ilitikisika kidogo. Vyombo viligongana kabatini, basi. Lakini kona ya sebuleni, pale dirishani, pametokea ufa mwembamba kama uzi. Majirani wote wamehamia uwanjani na mashuka yao, wamekaa kama timu iliyoachwa na basi. Nami niko nao. Mama Cherehani, jirani yetu anayeshona nguo, ananicheka: "Mwanao fundi mwashi, nawe unaikimbia nyumba yake?" Nakuuliza wewe uliyeijenga: tuingie au tusiingie?

Mama yako

15 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi haina mapumziko, tunamwaga zege la ghorofa ya saba.

Swali lako limenichoma. Ufa huo ni wa plasta tu. Nyumba ile nimeijenga kwa mikono yangu, haina shida. Ukikaa nje watu watasema nini? Kwamba hata mama wa fundi hamwamini fundi? Rudi ndani, na huyo Mama Cherehani mkaribishe ajionee mwenyewe.

Mwanao

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Uko hai? Redio inasema tetemeko limeulaza mji chini, daraja limekatika. Simu hazipiti, leo siku ya sita. Barua hii nampa dereva wa lori la dawa, labda atafika.

Kama umo ndani, toka. Nilikudanganya. Nguzo ya kona niliimwaga kwa siku mbili. Maji yalikatika nikiwa katikati, kesho yake nikaendelea juu ya zege lililokwisha kukauka, bila hata kulikwangua. Fundi yeyote anajua zege la namna hiyo halishikani. Nikapiga plasta, ikapendeza, ukanishukuru. Ulipotaja kona, nilijua ni nguzo ile, kisha nikaandika nilichoandika, kwa ajili ya jina langu tu. Nisamehe. Niandikie hata neno moja.

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu,

Nipo. Ilikuwa saa nane mchana, nami nilikuwa kwenye foleni ya maji.

Jibu lako la kwanza nililisoma kwa sauti pale uwanjani, na maringo juu. Mimi ndiye niliyemwambia Mama Cherehani: "Fundi kasema." Kwake kuta zilikuwa zimepasuka vibaya, basi akahamishia cherehani yake sebuleni kwetu, dirishani, apate mwanga. Nguzo ilikatika palepale ulipopataja. Tulichimba kwa majembe na sufuria, maana mji mzima una tingatinga moja, na lilikuwa ng'ambo ya daraja. Tulimtoa siku ya pili. Hospitali haikuwa na taa wala daktari, lakini yeye hakuwa tena mtu wa kupelekwa hospitali.

Usiubebe mzigo huu peke yako, nusu ni yangu. Nakulaumu, mwanangu, sikufichi. Nakupenda pia, na yote mawili yananiuma. Watu hapa bado wanakusifu, wanasema ni kazi ya Mungu, na mimi nainamisha kichwa.

Miwani yangu ilibaki kwenye kifusi. Barua yako ya pili ilipofika nilimpa mwalimu, mume wa Mama Cherehani, anisomee. Sikujua imebeba nini. Aliisoma yote mpaka "mwanao", hakuruka neno. Akaikunja. Kisha akaniuliza kama nataka kujibu, akatafuta kalamu.

Haya unayoyasoma ameyaandika yeye. Nilipofika pale pa mkewe nilimwambia tuache. Akasema, "Endelea, mama, nakusikia."

Mama yako