Niliwaonyesha Diploma ya Danieli

Rumonge, Jumapili, 1972

Siku ya sita leo tangu wamchukue mwanangu, na machozi bado hayajatoka.

Mimi ndiye niliyewaonyesha. Wale wanajeshi waliposhuka kwenye jeep wakauliza mwalimu yuko wapi, nilidhani wamekuja kumpa kazi kubwa Bujumbura. Wangemchagua nani mwingine hapa? Nikawaletea diploma yake, nikasema toka Minago hadi Kizuka hakuna mutoto anayejua Kifaransa kama wangu. Danieli alinitazama tu. Wakampandisha, wakaondoka naye.

Leo asubuhi kanisani waliimba mapenzi ya Mungu yatendeke. Nilifunga mdomo. Niliogopa kwamba nikiimba nitakuwa nimemtoa mara ya pili.

Mchana jirani yangu Mama Zaituni ameniletea ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani.

"Weye Mama Danieli, acha kujitesa. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi yao kabla hawajashuka, pamoja na ya wote waliosoma. Hata ungekuwa bubu wangemuchukua."

"Bubu, mimi?"

"Ndiyo maana nasema hata! Mungu mwenyewe angeshangaa."

Tumecheka kidogo. Kisha nimekula, sijui kama kulikuwa na chumvi.

Jioni hii nimepiga magoti. Kila siku humsifu Danieli mbele ya Mungu, kana kwamba Yeye hamjui. Leo sikumsifu. Nimesema, "Ni wako, hata usiponirudishia." Nikangoja moyo uniume.

Haukuuma. Nimeinuka, nikaenda kuanua mihogo kabla ya umande.