Njia za panya za angani

Alhamisi, Tunduma

Wiki nzima kidato cha nne wamenitumbulia macho tu kwenye miale ya anga za mbali. Leo nikawaambia wafikirie mpaka wetu: usumaku wa dunia ni geti, miale ni malori. Yenye nguvu ndogo hugeuzwa, yenye nguvu kubwa hupenya hadi kwenye setilaiti.

Neema, ambaye mama yake huvusha vitenge kutoka Zambia, akauliza, "Sasa mwalimu, njia za panya ziko wapi?"

Nikachora dunia ubaoni. Zipo kweli, kwenye ncha za dunia. Setilaiti zinazopita huko hupigwa zaidi.

Mtihani bado unanitisha, ila siyo kwa Neema.

Huku karibu na ikweta ulinzi wa usumaku ni mkali. Mpaka mkubwa vile, haulali, wala hauombi mtu kitu kidogo.