Wageni wa Chini ya Avoka

Mpendwa Mama Kahongya, naomba msaada wako kabla Noeli haijafika, na tafadhali ukiisoma hii redioni usicheke.

Mimi ni mzee Vagheni wa Mususa, hapa Butembo, na Vagheni kwa Kinande maana yake ni wageni, kwa sababu nilizaliwa siku ambayo nyumba ya baba ilijaa wageni, na tangu mke wangu Katungu afariki ninakaa peke yangu, hata mtu wa kuniuliza nimelalaje hayupo, basi nikaanza kuwamwagia ndege mchele na mabaki ya bugali chini ya mti wetu wa avoka, wakaja shomoro wawili, leo ni kundi zima, na njiwa, na yule mdogo wa kutikisatikisa mkia anayeingia hadi mlangoni kama mtu wa nyumbani, nami nakaa kwenye kiti cha Katungu nawaangalia na, nikuambie ukweli, ninaongea nao.

Shida yangu ni binti yangu Nadège, aliyeolewa Beni, kule Beu, ambaye kila akipiga simu ananiuliza, "Papa, uko peke yako tu?" nami kwa aibu, maana baba mzima atamlilia vipi mtoto wake kwenye simu, nikamjibu, "Hapana, niko na bageni," akafurahi, nikasema tena na tena mpaka ikawa mazoea, na juzi, wakati nimeshawanunulia wajukuu blanketi, akapiga: "Papa, Noeli hii hatutakuya. Na bageni bote bale, tutalala wapi? Wacha tubakie tu huku, tusikusumbue."

Nikasema haina shida. Nikaenda kuketi chini ya avoka, mvua ikaanza, na ndege nao wakaondoka.

Nikimwambia wageni ni ndege, atasema baba amerukwa na akili. Nikinyamaza, nitakula Noeli peke yangu. Nifanye nini, Mama?

JIBU

Baba Vagheni, nilicheka kidogo, kisha nikafika kwenye blanketi nikaacha. Pole sana kwa Mama Katungu.

Kuongea na ndege si wazimu. Hapa mjini kuna wanaume wanaoongea na pikipiki zao na hakuna anayewapeleka kuombewa. Lakini pale kwenye simu umekosea, na nitakugombeza. Mtoto anakuuliza kama uko peke yako, wewe unamfungia mlango, halafu unashangaa hajaingia! Nadège hakukutupa, Baba. Amekuheshimu, kama mlivyomlea wewe na mama yake. Hiyo aibu unamfichia nani, na aliyebaki wa kukujua ni yeye?

Basi mpigie wewe, kesho asubuhi, ndege wakiwa wanakula. Isogeze simu pale chini ya avoka awasikie, umwambie: "Bageni ni hawa tu, sina bengine. Kuyeni." Atacheka, labda atalia. Mwache amalize, usikate simu, na usitunge hadithi nyingine. Muulize mkwe wako kama barabara ya Beni ina usalama siku hizi. Kama haijatulia, waje baada ya Noeli, blanketi hazitaoza.

Wajukuu wakifika, wape wao mchele wawamwagie ndege. Wewe kaa kwenye kile kiti, na mtu akipiga kukuuliza hali, mjibu kama ulivyozoea: niko na wageni. Siku hiyo hutakuwa umemdanganya mtu.