Laini Mbili Zisizo za Mama

Kwa kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha. Sisi huku miili yetu ni mizima. Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu yako inaita tu, haipokelewi.

Kaka, Mama haendi kazini siku hizi. Mwalimu mkuu wa chekechea alimwita, akamwambia kwa upole kwamba wazazi wana wasiwasi, hivyo apumzike mpaka polisi wamalize uchunguzi. Unamjua Mama. Kila asubuhi anaipiga pasi aproni yake, kisha anaitundika tena.

Ilianza kwa muuza mkaa mmoja, mama mtu mzima. Alipata ujumbe kwamba mwanawe ameanguka shuleni na kupasuka kichwa, atume pesa ya daktari upesi. Akatuma zote alizokuwa nazo, akakimbia bila viatu hadi shuleni, akamkuta mtoto anacheza mpira. Polisi walipoifuatilia namba ile, wakakuta imesajiliwa kwa kitambulisho cha Mama na alama za vidole vyake.

Walikuja nyumbani pamoja na yule mama. Alimwuliza Mama mbele ya majirani kama kweli ameonja uchungu wa kuzaa, yeye anayelea watoto wa watu. Mama akajaribu kutania, akasema hata salamu za sikukuu huniomba mimi nimwandikie kwenye simu, sasa huo utapeli atauwezea wapi. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu wetu wa uraia ndiye aliyenipa mwanga. Alisema mtu anaweza kwenda na kitambulisho chake kwenye ofisi ya kampuni ya simu, akaulizia laini zote zilizo kwa jina lake, na asiyoitambua akaomba ifungwe. Alisema pia ujumbe ukikutia hofu, usitume chochote kabla hujampigia mtu unayemjua. Natamani yule muuza mkaa angeyasikia hayo mapema.

Basi nikaenda na Mama. Karani akakuta laini tatu, na ya Mama ni moja tu. Zile mbili alizifunga palepale. Akatueleza kwamba wapo mawakala wanaomwambia mteja kidole hakijashika, abonyeze tena, kumbe kila anapobonyeza wanasajili laini nyingine ya kwenda kuuza. Akamwuliza Mama ni nani aliyemsajili. Mama akasema hakumbuki. Polisi nao aliwajibu hivyohivyo.

Kaka, mimi nakumbuka. Ilikuwa wiki yako ya kwanza ya uwakala. Ulikuja na fulana mpya ya kampuni, na Mama akang'ang'ania awe mteja wako wa kwanza. Ulimwambia vidole vyake vimeliwa na sabuni, abonyeze tena, na tena. Alicheka sana, akasema hata mashine inamkataa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfuta kidole kwa kitambaa.

Sijui laini zile ulimpa nani, na sitaki kuamini kwamba ulijua zitafanya nini. Labda ulikuwa unatafuta kufikisha idadi waliyokupangia. Lakini Mama anatakiwa kituoni mwisho wa mwezi, na najua atasema tena kwamba hakumbuki. Yuko radhi aitwe mwizi kuliko kukutaja. Tafadhali njoo kabla ya siku hiyo, umtaje mwenyewe uliyempa. Hutakwenda peke yako. Nitakaa nawe kwenye benchi mpaka uitwe.

Mama hajui kwamba ninakuandikia; ameniona na kalamu akadhani ni kazi ya shule. Angejua, angeniambia nikuulize kama unakula vizuri.

Basi, kaka, unakula vizuri?

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Chiriku