Karanga Zilizoota Pamoja

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Simu yako ya Jumapili ilitufurahisha. Mama yako amerudi Buhongwa, mbuzi wetu amezaa pacha, na miguu yangu sasa inaishia mlangoni.

Uliniuliza kwa nini mimi, mwalimu mstaafu, nililima kila asubuhi hadi mwaka huu. Jibu lake sijawahi kumwambia mtu.

Nilipokuwa msichana, bibi yangu Kabula alinipa kikapu cha mbegu za karanga nipande hapa Kisesa, moja moja, kwenye matuta aliyoyalima peke yake. Nilichoka mapema. Nikamwaga mbegu zote zilizobaki katika shimo moja, nikafukia.

Mvua iliponyesha, aliniita kutoka shambani. Alikuwa akiniita Mwalimu kwa kuwa nilipenda vitabu.

“Mwalimu, njoo uone! Karanga zimefanya mkutano.”

“Labda ni panya, Bibi.”

“Basi panya huyu amesoma,” akasema, akacheka kidogo.

Kisha alichukua karanga alizotuwekea za kuungia mboga, akainama, akapanda upya. Nilisimama nikiutazama mgongo wake. Hakulitaja tena jambo hilo, nami sikumwambia kitu, hadi tukamzika.

Baada ya hapo, kila asubuhi nilikwenda kumwambia pale alipoinama. Nikifika, naona haya, nashika jembe.

Sitafika tena, Neema. Ukija Krismasi, simama kwenye tuta la mwisho, umwambie kwamba yule panya alikuwa mimi.

Bibi yako